Beseni la Mgeni

Watu wa nyumba za reli za Makongeni waliniita mke wa mwenye nyoka, nami niliwajibu vibaya kila mara. Nina jina. Naitwa Apondi, nimemzaa Adoyo ambaye ameolewa Nakuru, na vitambaa vya meza ya Bwana pale kanisani ni mimi niliyevitarizi. Lakini wapi! Ukipita dukani kununua chumvi, "Mke wa mwenye nyoka, habari ya nyumbani?" Haya. Mwenye nyoka tumemzika mwezi uliopita, na pale kaburini watu walisimama mmoja mmoja wakamsifu hata nikajiuliza wanamzika nani. Nami nilisimama nikasema alikuwa mume mwema na tuliishi vizuri. La kwanza ni kweli. La pili nitawaeleza.

Zedekiah alikuwa fundi wa viti katika karakana ya reli. Behewa likichakaa, viti vinang'olewa, ngozi kuukuu inabanduliwa, naye anashona mpya kwa mkono, kwa sindano nene iliyopinda. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, aliyepiga shati lake pasi mwenyewe kwa sababu eti mimi napindisha kola. Hakulewa, hakugombana na mtu. Akisema neno, amelisema. Ukimwambia aape, anakuuliza, "Kwani mimi ni mwongo?" na hapo mazungumzo yamekwisha.

Mwaka wa sabini na nne, behewa moja kutoka Kisumu liliingia karakana. Alipong'oa kiti akakuta chatu mdogo, urefu wa mkono, amejikunja ndani ya pamba ya kiti. Wenzake wakaruka nje. Bedan, msimamizi wao, akaja na sepetu. Zedekiah akamwambia, "Weka chini." Kwetu ziwani chatu akiingia bomani hauawi. Anaachwa apumzike, na watu wanafurahi kwamba mvua iko njiani. Lakini kwetu chatu hukaa siku mbili tatu akaenda zake! Mimi sijawahi kusikia, tangu nizaliwe, chatu aliyetiwa ndani ya mkoba wa vifaa, akapelekwa mjini kwenye nyumba ya vyumba viwili, akapewa jina.

"Mama Adoyo, nimekuletea mgeni," aliniambia siku hiyo, na mkoba anaubeba kwa mikono miwili.

"Mgeni gani wa kuingia mkobani?"

Nikafungua. Yaye! Nilitoka mbio hadi kwa jirani yangu Waringa, mwiko mkononi, ugali nimeuacha ukiungua. Waringa ni Mkikuyu, muuzaji wa viatu vya matairi pale Kariokor, na mdomo wake Mungu aliutengeneza mapema kabla hajachoka. Alinisikiliza, akafunga mlango wake kwa komeo, ndipo akaniambia kupitia dirishani, "Pole sana, dada. Lala huko nje."

Jina likabaki hilo, Mgeni. Alimtengenezea sanduku kwa mbao za madirisha ya behewa, na wavu mbele, akaliweka kwenye kona ya sebule. Ndani akatandika gunia, akaweka na beseni la maji. Na beseni lenyewe si lolote. Ni beseni langu la maua nililopewa na mama siku nilipoolewa. Niligomba wiki nzima. Alinisikiliza wiki nzima, na beseni likabaki humo.

Mambo ya Mgeni yalikuwa na utaratibu kuliko ya kanisa. Alikula mara moja kwa majuma matatu. Mwanzo panya wa mtegoni kutoka stoo ya karakana, baadaye sungura. Akishakula haguswi siku nne, la sivyo anatapika. Na kila baada ya miezi miwili mitatu, ilifika zamu ya kujivua gamba, na hapo Zedekiah alikuwa mkali, yeye ambaye hakuwa mkali kwa jambo lolote. Kwanza rangi ya nyoka inafifia. Kisha macho yanaingia ukungu mweupe wenye ubluu, kama maziwa yaliyotiwa maji. Siku hizo haoni vizuri, na kila kinachomsogelea anakiogopa. Hakuna kumlisha. Hakuna kumshika, maana ngozi mpya chini bado ni laini. Gunia lilowe asubuhi na jioni. Beseni lijae, aweze kujitosa.

"Mtu akiwa anabadili nguo, utamwingilia?" alikuwa akisema.

Baada ya siku tano sita macho yanarudi safi. Unadhani amemaliza, kumbe bado. Siku chache tena ndipo anasugua pua yake kwenye mbao, ngozi inafunguka mdomoni, naye anatoka ndani yake kama mtu anayevua soksi, mzima, hadi ncha ya mkia. Ukilitazama gamba lenyewe kichwani unaona vigamba viwili vya macho, vimetoka pamoja nalo, vidogo na angavu. Zedekiah aliyatundika yale magamba ukutani juu ya redio, kila moja na tarehe yake. Waringa, aliyekuwa wa kwanza kusema ni ushetani, alikuja siku moja kuomba kipande. Nikakiona baadaye ndani ya kibeti chake. Eti kinavuta wateja. Na Jumapili yuko mstari wa mbele kanisani, anapiga makofi!

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa kuumwa. Mwaka wa sabini na sita nilimwonea huruma kwa kushinda njaa, nikafungua sanduku nimtupie panya, na macho yake yalikuwa ya maziwa. Alirusha kichwa akanidaka kifundo cha mkono. Zedekiah alinisafisha kwa maji ya chumvi, akahesabu vijidonda, akaniambia, "Hajakuuma. Ameogopa." Nilimwambia aende akalale na huyo aliyeogopa.

Lakini lipo jambo moja nataka mlikumbuke. Kila asubuhi kabla ya chai alipiga magoti mbele ya sanduku, akachovya kidole cha shahada ndani ya beseni, hadi kiungo cha kwanza. Maji yakifika hapo, vizuri. Yakipungua, anaongeza. Hata hakutazama. Alichovya tu, akajua.

Macho yake yalianza kuharibika mwaka wa sabini na tisa. Kwanza alilaumu taa, halafu moshi, halafu mimi kwa kusogeza vitu. Siku moja niliona anapapasa tundu la sindano kwa ulimi. Kesho yake nikaanza kumtilia uzi. Kila asubuhi, sindano ishirini na nne, nazichomeka ndani ya kola ya koti lake la kazi ili Bedan asizione. Alishona kwa vidole. Mishono yake ilikuwa imenyooka bado, kwa sababu alikuwa ameishona miaka ishirini na mbili. Tulifanya hivyo karibu miaka miwili na hakuna kati yetu aliyelitaja jambo lenyewe.

Mwanzoni mwa mwaka wa themanini na moja jicho la kulia lilikuwa jeupe waziwazi. La kushoto nalo lina wingu. Nilimwambia twende hospitali. Waringa naye alimwambia, maana mama yake huko Murang'a alikuwa na mtoto wa jicho, akapasuliwa, na sasa anachambua mchele kwa macho yake.

"Phares alikwenda hospitali," Zedekiah akajibu.

Phares alikaa nyumba ya mwisho ya safu yetu. Alikwenda kupimwa macho, akarudi na barua, na barua ile ilipofika ofisini akastaafishwa. Nyumba za reli ni za wafanyakazi. Miezi mitatu baadaye mkokoteni ulikuwa mlangoni kwake umepakia vitanda. Zedekiah alikuwa amebakisha miaka minne apate kustaafu kwa heshima, na hatukuwa na pahali pengine.

Kumbe kulikuwa na jingine. Jumapili moja nilirudi kanisani nikamkuta amefunga madirisha yote, ameketi gizani karibu na sanduku, kitambaa kilicholowa kimefunika uso. Chakula nilichomwachia hakukigusa. Nikamuuliza anaumwa nini.

"Siumwi. Nangoja."

"Unangoja nini?"

Akanieleza, polepole, kwa sauti ileile aliyonielezea mambo ya Mgeni. Miaka saba amemwangalia yule nyoka. Macho yanaingia ukungu, yanafunguka. Yanaingia tena, yanafunguka tena. Hakuna daktari aliyemgusa. Anachohitaji ni giza, maji, tumbo tupu, na kuachwa asishikwe. "Ya kwangu yamechelewa kwa sababu mimi nakula na kwenda kazini," alisema. Mtu mzima! Fundi! Anajinyima chakula kila Jumapili na kuloweka uso ili ajivue macho!

"Baba Adoyo, wewe si nyoka!"

"Najua mimi si nyoka."

"Basi amka ule."

Hakuamka. Nililia jikoni, kwa hasira zaidi ya huzuni, nikavunja na sahani moja. Na mtasema alikuwa mjinga. Hakuwa mjinga. Aliogopa mkokoteni ule wa Phares kuliko alivyoogopa giza, akatafuta kitu cha kushikilia, na kilichokuwa karibu ni chatu.

Mwezi wa Juni jicho la kulia likaanza kuuma. Lilivimba likawa jekundu, kichwa kikampiga hadi akatapika. Alikwenda kazini hivyohivyo, akiniambia nimtilie sindano thelathini. Wakati huo alikuwa haoni sandukuni kabisa, kwa hiyo kazi ya Mgeni nikaifanya mimi. Sasa kidole chake hakikuchovywa tena. Siku ya kwanza nilipojaza beseni nilimwambia, "Njoo upime." Akasema, "Ya nini? Si wewe upo?"

Nilipiga kelele jioni moja hadi majirani wakazima redio. Nilimwambia akipofuka atanyang'anywa nyumba hiyohiyo anayoilinda, tena atanyang'anywa akiwa hana macho ya kuuona mkokoteni. Nilidhani atanyamaza kama kawaida. Akasema, "Haya, Apondi. Mgeni karibu ataanza kujivua. Siku macho yake yatakapokataa kufunguka, siku hiyo nitakwenda kwa daktari."

"Uape."

"Kwani mimi ni mwongo?"

Asubuhi nikamweleza Waringa haya wakati wa kuanika nguo. Alicheka hadi akashika kamba. "Ngai! Basi, Mama Adoyo, mwombee nyoka apofuke," akasema, akaenda zake Kariokor na gunia lake la viatu.

Yeye alikuwa anatania. Mimi sikucheka.

Mgeni akaingia ukungu siku ya Jumatano, katikati ya baridi ya Julai. Zedekiah alipoondoka nilitoa beseni langu la maua nikaloweka ndani yake maharagwe. Nilitoa gunia nikalianika juani hadi likawa kavu kabisa, nikalirudisha. Jioni nikahamishia jiko la makaa sebuleni, nikaliweka ubavuni mwa sanduku. Alipouliza nikasema baridi imenishika magoti, na kweli ilikuwa baridi. Kila jioni akivua koti aliniuliza.

"Umempa maji?"

"Nimempa."

"Gunia umelilowesha?"

"Nimelilowesha."

Sikuwahi kumdanganya mume wangu kabla ya hapo, ila mambo madogo ya wanawake. Ulimi ulikuwa mzito siku ya kwanza. Siku ya nne haukuwa mzito. Yule nyoka alianza kuzungukazunguka ndani ya sanduku akitafuta beseni pale lilipokuwa, kichwa anakiinua, anakishusha, anarudi palepale. Nilimpa kisogo, nikaendelea kumenya viazi. Sikumpenda hata siku moja, lakini kumwona akitafuta maji na ukungu machoni, jamani, iliniuma. Mara mbili nilinyanyua jagi nikaliweka tena chini.

Siku ya saba macho yakarudi safi. Nilikaa chini nikashika kichwa, nikijua nimeshindwa. Nilisahau yale niliyoambiwa, kwamba macho husafika kwanza na gamba hufuata baadaye. Nikaendelea tu, kwa ukaidi. Siku ya kumi na tano akaanza kujisugua, na gamba halikutoka. Lilipasuka. Lilitoka vipande vipande, vikavu, vikimng'ang'ania shingoni na kiunoni. Siku ya kumi na sita nilimtazama kichwani. Macho yote mawili yalikuwa yamefunikwa na vigamba vya zamani, vimekunjamana, vimefifia. Nikajaza beseni, nikalirudisha, nikarudisha na jiko jikoni. Kisha nikamngoja mume wangu.

"Macho yake yamekataa," nikamwambia kabla hajavua koti.

Hakuniuliza mara mbili. Alipiga magoti, akaingiza mkono polepole, akapapasa vile vipande, akavisugua kati ya vidole. Alipofika kichwani Mgeni akapiga mluzi wa hasira, akajivuta hadi nyuma kabisa ya sanduku. Miaka saba hakuwahi kumkimbia. Zedekiah akabaki na mkono umenyooka ndani, mtupu.

"Kesho nipeleke," akasema.

Hospitalini daktari wa macho alikuwa mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole. Alimmulika muda mrefu, akaniita nje. Ugonjwa ule ukiachwa mno, alisema, unaiva ukavuja, na jicho linajaa presha. Presha ndiyo imeua mshipa wa jicho la kulia. Hilo limekwisha. Nusu mwaka nyuma angeliokoa. La kushoto lingefuata njia hiyohiyo kabla ya Krismasi. Akanipigapiga begani akasema, "Umefanya vizuri kumleta sasa." Nilimshukuru.

Walimpasua la kushoto. Alilala hapo siku kumi na mbili, kichwa kimefungwa. Nyumbani mimi na Waringa tulikuwa tukimlowesha Mgeni ndani ya karai la kufulia, Waringa amekalia kifuniko na kupiga yowe kila nyoka akigonga. Vipande vya mwilini vilitoka. Vya machoni vilikataa, na sikuthubutu kuvigusa kwa kucha.

Katikati ya Septemba akapewa miwani, nene kama kitako cha chupa ya soda. Tuliingia nyumbani saa nane mchana. Akasimama katikati ya sebule akanitazama mimi kwanza. Alinitazama hata nikaona haya, nikarekebisha kitambaa kichwani.

"Umezeeka, Mama Adoyo."

"Na wewe unafanana na bundi."

Tukacheka! Tulicheka kama vijana, akanishika mkono, na nikasema moyoni, Nyasaye Mungu wangu, liwe liwalo, sijuti. Nawaambieni wazi, ile ilikuwa saa nzuri kuliko zote za ndoa yangu.

Halafu akaenda kumtazama Mgeni. Akainama, akatazama yale macho yaliyofunikwa. Akatazama ukutani, gamba la Julai halikuwapo. Nilikuwa nimevitupa vile vipande. Akatazama chini. Sakafu yetu ilikuwa ya saruji, naipaka polishi nyekundu kila Jumamosi na kuisugua kwa gunia hadi inang'aa. Pale ubavuni mwa sanduku palikuwa na alama tatu, nyeusi, za miguu ya jiko. Nilikuwa nimepaka polishi juu yake mara nne, lakini saruji ikiungua imeungua. Na ubao wa sanduku upande ule ulikuwa umebabuka. Alipiga magoti akaweka kidole kwenye alama moja, akaenda kwenye ya pili, akaenda kwenye ya tatu.

"Jiko lilikuwa linafanya nini hapa?"

"Kulikuwa na baridi."

"Na maji?"

Ningeweza kudanganya tena. Nilikuwa nimeshazoea. Lakini alikuwa amegeuza ile miwani, na lile jicho moja kubwa nyuma ya kioo lilikuwa linanitazama, na hasira yangu ikafyatuka kabla sijaipima.

"Ndiyo! Ni mimi! Nilimnyima maji siku kumi na sita, na ningemnyima hata mwezi! Ulitaka nikae nikuangalie ukipofuka kwa ajili ya joka? Sasa unaona. Si unaona? Niambie huoni!"

"Naona," akasema.

"Basi!"

"Kila jioni nilikuuliza, Apondi."

"Uliniuliza."

"Ukasema umempa."

"Nilisema."

"Nami sikuchovya kidole," akasema, kana kwamba anajilaumu yeye. Akainuka, akatoa kikombe chake kwenye msumari, akaenda kwenye mtungi, akajichotea maji, akayanywa akiwa amesimama. Nilikuwa nimekwisha nyoosha mkono nimchotee, kama nilivyofanya miaka yote. Alinipita.

Nilidhani ni ya siku hiyo. Ikawa ya juma hilo. Ikawa ya mwaka. Chakula changu alikula, tuliongea, alinitania kuhusu kola, kanisani tulikaa benchi moja. Lakini maji hakuyapokea mkononi mwangu, wala chai. Alichemsha chai yake mwenyewe. Siku moja wageni wakiwapo nilimletea kikombe mbele yao, nikitumaini ataona aibu. Alikipokea, akasema asante, akakiweka mezani hadi kikapoa.

Mgeni yeye alipona. Zedekiah alimrudishia utaratibu wake wote, beseni, gunia, asubuhi na jioni, kidole hadi kiungo cha kwanza. Mwisho wa Oktoba alijivua mzima, kuanzia mdomo hadi mkia, na kichwani mwa gamba mlikuwa na vigamba vya macho viwili viwili, vya zamani vimegandana na vipya. Alimwita Waringa aje kuona. Mimi nilikuwa jikoni, mlango wazi, nikisikia kila neno.

Barua ya kustaafishwa ilikuja Novemba. Ndiyo, hofu yake ilikuwa ya kweli, na msidhani silijui hilo. Januari tulipakia vitanda kwenye mkokoteni kama Phares, tukaenda kuishi chumba kimoja mtaa wa Huruma, ghorofa ya tatu. Mwenye nyumba hakutaka hata paka. Zedekiah akamtia Mgeni katika gunia na gunia katika kapu, akapanda treni kwenda naye kwetu, akamwachilia kando ya mto nyuma ya boma la baba yake. Wanasema mvua ilinyesha. Aliporudi alinikabidhi beseni langu la maua, limeoshwa likang'aa. Sijawahi kulitumia.

Huruma maji ya bomba ni ya kupanga foleni. Nilikwenda na debe langu, yeye na kidebe chake. Watu waliona mzee wa jicho moja anapanda ngazi na kidebe cha lita tano, mkewe mbele yake na debe kichwani, wakasema mwone mume anavyomsaidia mkewe! Nilikuwa nikiitikia. Miaka sita na zaidi, nyie. Kuna siku nilimchukia. Kuna siku nilisimama juu ya kidebe chake kilicho tupu, nikitaka kukijaza kwa siri, nikaogopa.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, kifua kikamwangusha. Alikataa kurudi hospitali, na mara hii sikuwa na hila yoyote iliyobaki. Waringa, ambaye alihamia Huruma mwaka mmoja baada yetu, ndiye aliyekuwa akimletea maji asubuhi kabla ya kwenda sokoni. Jumanne ile hakupita. Kufika saa nne midomo ya Zedekiah ilikuwa imekauka na kupasuka, na alikuwa hawezi kufika kwenye kidebe. Alikitazama. Nami nilikuwa nimekaa palepale kitandani.

Nilichukua kikombe chake msumarini. Sikuteka kwenye kidebe chake, niliteka kwenye debe langu. Nikamwinua kichwa, nikamshikia.

"Maji," nikasema. "Nimekuletea maji, Baba Adoyo."

Miwani ilikuwa mezani na bila miwani alikuwa haoni kitu. Aligeuza uso upande wa sauti yangu, akakaa hivyo. Kisha akainua mkono, taratibu, akatafuta ukingo wa kikombe, akachovya kidole cha shahada ndani yake, hadi kiungo cha kwanza. Maji yalikuwapo. Akanywa yote, akanirudishia kikombe.